Mtu wa Mbele Kwenye Picha

Picha ya Nyanjige ilitundikwa ya kumi na moja, kati ya picha ya kitanda kisicho na godoro na ile ya choo kilichobomoka ukuta. Walikuwa wameikuza mpaka ikawa kubwa kama mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aipige, Nyanjige aliiogopa. Kwenye kioo cha kamera ilikuwa kitu cha kiganjani tu. Hapa, kwenye ukumbi wa kukodi mjini Bariadi, watu waliokuwamo walikaribia kimo chake mwenyewe.

Katikati alikuwa Goodness, wifi yake, mke wa mdogo wake. Mimba ya miezi tisa ilikuwa imelisukuma gauni mbele, ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja umeishikilia na mwingine uko kiunoni. Mbele yake, hatua kama kumi hivi, alitembea mwanamume aliyeonekana mgongo tu, fimbo mkono wa kulia. Huyo ni Mayunga, mume wa Goodness. Njia ilikuwa nyeupe kwa vumbi na jua ndiyo kwanza linachomoza. Chini yake yalibandikwa maneno aliyoyatunga Nyanjige mwenyewe: *Maji ya kujifungulia. Zahanati yetu haina maji, kila mama anakuja na ndoo mbili za kwake.*

Walikuwa watu tisa waliofundishwa kazi hiyo, wanawake sita na wanaume watatu, wote wakulima kutoka vijiji vya ng'ambo ya Mwamapalala. Kwa wiki sita, kila Jumamosi, walibanana kwenye madawati ya shule ya msingi wakimsikiliza Shifa, binti wa mjini aliyetumwa na shirika lenye mradi huo. Aliwafundisha kuvaa kamba ya kamera mkononi kabla ya kitu kingine chochote, kuliacha jua mgongoni, na kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha. Zaidi ya hayo aliwafundisha kujiuliza kila picha inamwambia nini mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo lile.

"Mimi nikienda kwa wakubwa watanidai takwimu," Shifa alikuwa akisema. "Ninyi mkienda na picha ya mlango wenu wenyewe, watakosa pa kuweka macho."

Nyanjige aliyapenda maneno hayo. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, hajasoma kupita darasa la saba, na tangu arudi kutoka kwa mumewe, huko mjini Mwanhuzi, alikuwa akiishi kwa Mayunga, kwenye chumba cha pembeni kilichokuwa ghala la mtama. Hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje jambo lolote la serikali. Picha ya ndoo ilipochaguliwa kuwa bora kuliko zote, Goodness alisaini fomu ya kuruhusu itumike. Kuhusu Mayunga, Shifa aliitazama picha akasema, "Huyu amegeuka, hatambuliki. Siyo lazima asaini." Nyanjige hakuona sababu ya kubisha.

Wageni walizunguka ukumbini wakiongozwa na diwani mmoja mnene mwenye koti la kijivu. Walipofika kwenye picha ya kumi na moja, Nyanjige aliunganisha mikono mbele ya kitenge chake akaanza kusema alichokikariri. Kwamba mto ukikauka wanafukua visima mchangani. Kwamba kutoka visimani hadi zahanati ni mwendo wa saa nzima. Kwamba mama mwenye uchungu...

"Mama, samahani nikukatishe," alisema diwani. Aliinamisha kichwa, akaisogelea picha. "Mimi hapa sioni tatizo la maji. Naona tatizo la huyu bwana!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mke ana uchungu, ndoo kichwani, yeye anapunga fimbo! Sasa huyu tukimjengea tenki si ataligeuza la kuoga yeye?"

Kicheko kikaongezeka. Mama mmoja wa afya aliyekuwa na daftari alitikisa kichwa akaandika, na Nyanjige, aliyesimama karibu, aliyasoma maandishi yake: *Elimu itolewe kwa akina baba.* Basi. Neno maji halikuandikwa. Simu zikatolewa mifukoni, watu wakaanza kuipiga picha ile picha.

Nyanjige alimgeukia mdogo wake ukutani, kana kwamba jibu lingetoka kwake. Ndipo alipouona mkono wa kushoto. Kwenye kioo kidogo hakuwahi kuuona. Haukuwa ukining'inia. Ulikuwa umepita chini ya shati, kiwiko kimetokeza nje, kiganja kimepotelea mbele, kuelekea mahali pale chini ya tumbo panapokutana na paja, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

"Mama, unajibu nini?" aliuliza mwandishi mmoja.

Nyanjige alikuwa bado anautazama mkono ule. Shifa akaja upesi. "Tuendelee na ya kumi na mbili, waheshimiwa."

Baadaye walipewa soda na sambusa mbili mbili, wakasaini karatasi ya nauli. Diwani alipita akampiga begani kwa upole kabisa. "Usikasirike mama, tunataniana. Picha nzuri sana hiyo." Alikuwa anasema kweli, na hilo lilimuumiza Nyanjige zaidi.

Picha ilimtangulia kufika. Pale Mwamapalala alipokodi bodaboda ya kumpeleka kijijini, dereva alimnyooshea simu akicheka, bila kujua anamwonyesha nani. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: *Mume bora wa mwaka.*

Mayunga alikuwa nje ya nyumba, kwenye kigoda, anasokota kamba ya katani. Goodness alikaa kwenye mkeka akimnyonyesha mtoto, ambaye sasa alikuwa na siku arobaini na kitu. Watoto wakubwa walikuwa hawajarudisha ng'ombe.

"Mwadila," Nyanjige alisalimia.

"Mwadila," alijibu Mayunga. Kwa kawaida angeendelea, za huko, za safari, Bariadi kuna mvua? Safari hii aliishia hapo. Alisokota, akavuta, akasokota tena. "Umekula huko?"

"Nimekula."

"Vizuri. Na mimi nimeliwa huku."

Nyanjige aliuweka mfuko wake chini. "Mayunga, sikujua kama watacheka."

"Dada, uliyempiga picha ni nani?"

"Ndoo. Nilikuwa napiga ndoo. Maji."

"Mbona mimi nimo?"

"Ulikuwa mbele. Njia ni hiyo hiyo."

"Ungesubiri nipite." Aliiweka kamba magotini. "Nimekwenda mashineni kusaga, vijana wananiuliza mshahara wa kupunga fimbo ni shilingi ngapi. Mwenye mashine ameniambia nimpe mke wangu debe abebe, mimi nitangulie. Mbele ya wanawake. Nimeliacha debe huko huko."

"Nitakwenda kulichukua."

"Kaa." Hakupaza sauti, Mayunga hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Siku ile ulipokuja hapa na sanduku lako, nilikuuliza umefanya nini kwa mumeo? Nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Nyanjige alijua angepaswa kunyamaza, lakini kitu alichokiona ukutani kilikuwa kimemsumbua njia nzima. "Mkono wako wa kushoto," alisema. "Kwenye picha. Ulikuwa umeshika nini?"

Goodness aliinua kichwa. Mayunga alimtazama mkewe, kisha dada yake, akasimama kwa kujikusanya kama mzee, akaelekea zizini.

Waliongea jikoni, wifi wawili, moshi ukiwa katikati yao.

"Ni ngiri," Goodness alisema. "Mwaka wa pili sasa. Ilianza kama yai la kuku, sasa ni kama ngumi. Akilala inarudi, akibeba kitu inatoka."

"Miaka miwili! Naye siku zote anasema ni mgongo unamuuma!"

"Angesema nini, wifi? Ukitaja ngiri hapa, kesho watu wanauliza mtoto huyu ni wa nani." Alimfunika mtoto kwa ncha ya kanga. "Alikwenda siku moja mjini peke yake. Akaambiwa ni upasuaji, laki mbili na kitu, na akitoka asishike jembe miezi mitatu. Akasema, tukivuna. Tukavuna. Akasema, tukivuna tena."

"Na ile siku ya maji?"

"Ile siku aliitaka ndoo. Nikamkatalia mimi. Nilimwambia, ukianguka wewe njiani nani atanifikisha? Tangulia, ukawaamshe zahanati. Ndiyo maana yuko mbele." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Hukuniuliza, wifi. Ulinipa fomu, nikasaini, nikafurahi natoka vizuri."

Nyanjige alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Alikuwa anakumbuka kitu ambacho ukumbini hakuna aliyekijua. Ndoo zilikuwa mbili siku ile. Ya pili aliibeba yeye, na aliitua chini, akaiegemeza kwenye kisiki, ili mikono yake ipate nafasi ya kamera. Aliona njia, mwanga, kitambaa cha kichwani kwa wifi yake. Kwamba mwenye uchungu hakupaswa kubeba chochote, hilo halikumjia kabisa, kwa sababu na yeye alizaliwa akakuta maji ni ya wanawake. Diwani alikuwa amekosea kuhusu Mayunga. Lakini ndani ya mzaha wake kulikuwa na swali, kwa nini mwenye uchungu ndiye abebe, ambalo Nyanjige, aliyekuwepo pale pale, hakuwahi kujiuliza.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya gulio. Asubuhi watu wakiwa wanapita kwa wingi, Mayunga alichukua ndoo mbili, akazifunga kwenye ncha za mti, akauweka mti begani, akashuka mtoni.

Wanawake waliokuwa wakichota mchangani walinyamaza walipomwona. Kisha mmoja akapiga kigelegele cha kejeli, na wengine wakafuatia. Mayunga alizijaza ndoo zote mbili mpaka juu. Akapanda nazo ukingo wa mto, akapita mashineni, akapita kwenye vibanda vya gulio, akimsalimia kila mtu kwa sauti ambayo hajawahi kuwa nayo. "Mwangaluka! Mwangaluka, habari za asubuhi!" Alifika nyumbani, akamimina kwenye pipa, akarudi tena.

Nyanjige alikutana naye kwenye safari ya pili, anatoka kufuata debe la unga. Uso wa Mayunga ulikuwa unatiririka jasho na midomo imekuwa ya majivu.

"Tua ndoo, Mayunga."

"Kamera iko wapi?"

"Nakuomba, tua."

"Nakuuliza kamera iko wapi, dada. Piga sasa. Sasa hivi ndiyo upige!"

Watu walisimama kutazama. Nyanjige alinyoosha mkono kuishika ndoo; Mayunga alimkwepa akaendelea, maji yakimwagikia miguu yake.

Safari ya tatu haikuisha. Aliziweka ndoo chini taratibu mbele ya kibanda cha muuza nyanya, zisimwagike, akapiga magoti, akatapika.

Nesi wa zahanati aliitwa Lukresia, na alikuwa peke yake kama siku zote. Alimlaza Mayunga, akawatoa watu, akapapasa. Uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe na Mayunga alipiga ukelele kabla hata haujaguswa vizuri.

"Umebana," Lukresia alimwambia Nyanjige nje ya mlango. "Utumbo umenasa. Hii siyo ya hapa, ni ya kisu, na ni leo. Leo mchana, siyo leo jioni."

"Gari?"

"Gari la wagonjwa liko gereji wiki ya pili."

Nyanjige alitoka mbio na kanga moja, akarudi gulioni. Kulikuwa na gari moja tu dogo la mizigo, kirikuu ya Hilali, mfanyabiashara wa Bariadi aliyekuja kuuza sufuria na mashuka. Hilali alimsikiliza nusu sentensi. Akatazama bidhaa alizokuwa amemaliza kuzipanga, ikiwa siku yake nzima ya biashara, akasema, "Inna lillahi, mama, mbona unaongea badala ya kupakia mgonjwa?" Sufuria zilishushwa zikaachwa kwa muuza nyanya. Goodness alibaki na watoto, amesimama katikati ya njia na mtoto kifuani.

Nyuma ya kirikuu Mayunga alilaza kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti. Walipoiacha Mwamapalala nyuma alifungua macho.

"Usiwaambie ni nini."

"Nitamwambia daktari."

"Daktari tu."

"Daktari tu," alisema Nyanjige, na aliapa moyoni kuwa safari hii angefanya kama alivyoombwa.

Walimfanyia upasuaji mchana ule ule. Daktari aliyetoka alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu, na alisema wangechelewa saa mbili nyingine angekata utumbo, au asingekata chochote. Maksai mmoja wa kulimia aliuzwa wiki hiyo hiyo. Nyanjige alilala chini ya kitanda cha wodi siku sita, akafua mashuka, akajifunza saa za kuingiza uji.

Siku ya nne Shifa alikuja na machungwa. Alikuwa ameshasikia yote kutoka kwa Hilali, jirani wa duka la baba yake. Alisimama miguuni pa kitanda, na Mayunga alijifanya amelala. Akamvuta Nyanjige kwenye korido.

"Nilikosea mimi," Shifa alisema. "Nilisema hatambuliki. Mjini hatambuliki. Sikufikiria kijijini."

Nyanjige hakumpunguzia lawama wala hakumwongezea.

"Dada, mwezi wa pili kamati inakaa kupanga bajeti. Tunachapisha kitabu cha picha zenu tukawape mkononi. Sasa tukieleza na habari ya ngiri chini ya ile picha, ina nguvu mara kumi. Hakuna atakayecheka." Alitoa fomu kwenye mkoba. "Ila safari hii tumwombe yeye mwenyewe."

Jioni ile, wagonjwa wengine wakiwa wanakula, Nyanjige alimsomea mdogo wake fomu yote, mstari kwa mstari, pamoja na yale ambayo watu huyaruka. Mayunga alisikiliza akitazama dari.

"Nikikataa?"

"Inaondolewa."

"Na maji?"

"Maji tutayaombea njia nyingine."

"Unasema hivyo kwa kuwa ninaumwa?"

"Nasema hivyo kwa kuwa ni mgongo wako."

Mayunga aliacha kutazama dari. "Nakataa," alisema.

Shifa aliposikia alifunga macho. "Lakini ndiyo picha yetu bora kuliko zote."

"Najua," alisema Nyanjige. "Mimi ndiye niliyeipiga." Akamrudishia fomu ikiwa tupu.

Kile ambacho Mayunga alikiogopa kwa miaka miwili kilitokea kwa siku mbili. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona akipiga magoti, na siri ya namna hiyo haikai. Aliporudi, hakuruhusiwa kuinua hata kigoda. Alikaa ukutani asubuhi mpaka jioni, mtoto mapajani, wakati wanawake wawili na watoto wakilima mashamba kwa maksai mmoja na jembe la mkono. Watu walikuja kumpa pole, wakamtazama usoni, kisha macho yakashuka. Hayo nayo yakapita, kama mengine yote yanavyopita watu wakipata cha kulima.

Lakini Kristofa, jirani wa upande wa magharibi, aliendelea kuja. Alikuja mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne alileta maziwa, akasubiri wengine waondoke. Nyanjige alikuwa nyuma ya ukuta akichagua choroko, na hakukohoa kujionyesha.

"Walikukata wapi hasa?" aliuliza Kristofa.

"Hapa."

"Uliumia?"

"Nilikuwa nimelazwa usingizi. Maumivu ni baadaye, siku tatu nne."

Kuku alipita akadonoa.

"Na... mambo mengine?"

Mayunga alishusha sauti, lakini siyo sana. "Mambo mengine yapo."

Kristofa alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kuongea habari za mvua. Wiki iliyofuata alikuja mwanamume wa kitongoji cha pili ambaye hata hawakuwa wakisalimiana sana. Kisha mwingine, aliyesema anaulizia kwa niaba ya shemeji yake. Palizi ya kwanza ilipofika walikuwa watano.

Siku moja Nyanjige alikuwa akiandaa nguo zake, Mayunga akamwuliza kutoka pale ukutani, "Kikao chenu cha bajeti ni lini?"

"Alhamisi."

"Wanatoa nauli ya mtu mmoja au ya wawili?"

Nyanjige aliacha kukunja kitenge. Hakuuliza kwa nini. "Ya mmoja," alisema. "Ya pili nitatoa mimi."

Safari hii hakukuwa na maonyesho wala soda. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu, feni isiyozunguka, na kamati ya watu wanane waliokuwa wameshachoka. Diwani wa koti la kijivu alikuwapo. Nyanjige aliweka mezani picha mpya: ndoo kumi na nne zimepangwa kwenye baraza ya zahanati, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa mkaa, hakuna mtu hata mmoja. Akina mama kumi na wanne waliokuwa wakisubiri kliniki walikuwa wamemruhusu wote, kila mmoja kwa mdomo wake. Alieleza mahitaji: matenki mawili, mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye bati. Hakukariri. Alisema alivyojua.

"Sawa, mama," alisema diwani, akigeuza picha. "Na ile ya yule bwana? Iko wapi? Ile ndiyo ilituchangamsha."

"Yule bwana ni mimi," alisema Mayunga.

Alikuwa amekaa karibu na mlango, na alisimama kwa kushika ukuta. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani na alikisema polepole.

"Siku ile nilikuwa na ngiri. Ndoo niliitaka, mke wangu akaninyima, akihofia nitaanguka. Mliposema yale mliyosema, nikazibeba mbili ili watu wanione, nikapasuliwa siku hiyo hiyo. Mliandika elimu kwa akina baba. Sawa. Sisi akina baba tulipaswa tuwe tumebeba tangu zamani, hilo dada yangu ameniambia na nimelikubali. Lakini mimi nilikuwa nibebe vipi? Nifundisheni."

Diwani alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Kaa, bwana mdogo. Ongea umekaa."

"Nitasimama tu, mheshimiwa. Nimekaa miezi mitatu." Akapumua. "Kucheka mlishacheka, sikujia hilo. Nimejia maji. Na kwetu kuna wanaume watano wenye hii kitu, wananijia kwa kificho, na wote wananiuliza bei na njia. Wa karibu wa kuwaambia ni nesi mmoja, na yeye ana foleni ya wajawazito mpaka nje. Wataomba vipi mbele yao? Hayo ndiyo yangu."

Yule mama wa afya mwenye daftari aliuliza watano hao wanaishi kitongoji gani. Akaandika, na safari hii Nyanjige hakuhitaji kunyoosha shingo kusoma. Mama alimgeuzia daftari mwenyewe, ahakikishe majina ya vitongoji yako sawa. Diwani alisema jambo hilo litaangaliwa. Kisha ikaja ajenda ya madawati ya shule, wakaombwa wapishe.

Matenki waliyoomba yalikuwa mawili, lilipita moja. Lilifika mwezi wa tisa, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza, na mifereji iliwekwa upande mmoja wa bati kwa sababu fundi alisema vifaa ni hivyo. Siku ya upasuaji wa ngiri kwa watu wa vijijini iliahidiwa kwa barua yenye muhuri, bila tarehe. Shifa aliisoma barua hiyo mara mbili, akaahidi kuifuatilia, na alikuwa akiifuatilia kweli.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Novemba. Asubuhi yake Goodness alimpeleka mtoto kliniki, akiwa na mfuko wa nepi begani na kichwani hakuna kitu. Alimkuta Lukresia nje, kwenye bomba la tenki, amekunja mikono ya gauni. Alikuwa ananawa. Alifunga koki, akaitazama, akaifungua tena, akanawa mara ya pili.

Mayunga hakuwapo nyumbani siku hiyo. Alikuwa ameondoka na Kristofa kwenda Bariadi. Kila waliyekutana naye njiani alipowauliza waendako, Mayunga alijibu kwamba wanakwenda kuulizia mbegu za pamba. Kristofa alikuwa na mfuko wenye beseni, kikombe na shuka la mkewe, na alitembea kwa kuchechemea. Watu waliutazama mfuko, wakawatakia safari njema, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbegu zinahitaji beseni la nini.